Muhuri wa Mkulima

Fomu zilikuwa thelathini na mbili juu ya meza ya Wariara, na thelathini na moja zilikuwa na muhuri. Mihuri ya wino wa buluu, mingine ya duara, mingine ya mstatili, na mmoja hata umechorwa kichwa cha ng'ombe. KIHARA DAIRY FARM. NDABIBI MODERN FARMERS. Jamani! Wariara amezaliwa shambani, alianza kukamua kabla hajajua kusoma, na maisha yake yote hajawahi kumwona mkulima wa ng'ombe wawili akitembea na muhuri mfukoni. Aliziangalia fomu zile mpaka masikio yakamwaka moto.

Na usidhani aliwakasirikia wanafunzi kwanza. Alijikasirikia mwenyewe. Ule mstari wa chini kabisa wa fomu, ule unaosema "Sahihi na muhuri wa mkulima", ni yeye aliyeuandika. Hakushikiwa panga na mtu.

Kazi ya Wariara pale chuoni, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ni kuwasaidia wahadhiri kupanga kozi zao. Zamani ofisi yake ilikuwa kimya hata nzi alijisikia mpweke. Kisha AI ikaingia kwenye simu za wanafunzi na mlango haukufungwa tena. Wahadhiri walimiminika. Wengine walitaka awape mtego wa kuwanasa watoto. Wengine walitaka awahakikishie kwamba hakuna kilichobadilika na wanaweza kuendelea kusoma madokezo yao yale yale ya zamani. Daktari Kigen, mhadhiri wa ugani, yaani anayewafundisha vijana jinsi ya kuwashauri wakulima, alitaka yote mawili kwa mpigo.

Kigen alifika na gunia. Gunia la mahindi, kweli kabisa. Akalimwaga katikati ya ofisi na insha zikatapakaa hadi chini ya kabati. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akiwapa wanafunzi wa mwaka wa nne swali lile lile: jadili changamoto zinazowakabili wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa. Mwaka huo insha zote zilikuja zimenyooka, zina vichwa vidogo vidogo, na nusu yake zinaanza kwa sentensi ile ile.

"Madam, nisaidie niwaangushe wote," alisema.

"Daktari, hili swali ulilitunga lini?"

"Nilipoajiriwa."

"Na tangu hapo wewe mwenyewe umeingia kwa boma ya ng'ombe mara ngapi?"

Kigen aliondoka akaubamiza mlango mpaka kalenda ikaanguka. Wiki moja baadaye alirudi, amekunja uso, akaketi bila kukaribishwa. Walipigana miezi mitatu. Walipigana ofisini, wakapigana kwenye kantini, wakapigana hata kwa simu Wariara akiwa nyumbani kwake Kiamunyi anapika. Mpaka siku moja Wariara akamuuliza swali ambalo huwauliza wote. Mwanafunzi wako akishaondoka hapa, unataka aweze kufanya nini wewe ukiwa haupo?

Kabla ya shahada zake zote Kigen alikuwa afisa wa ugani, anazunguka Mau Narok kwa pikipiki. "Nataka aingie kwa boma ya mtu asikize kwanza, ndio aongee," alisema. "Na akikosea, arudi aseme amekosea. Wengi wetu tulikuwa tunakosea na haturudi."

"Basi hiyo ndiyo kozi yako, Daktari. Hizi insha choma."

Wakaipanga upya. Kila mwanafunzi angepewa mkulima mmoja kule Ndabibi, ng'ambo ya ziwa Naivasha, mwenye shida moja ya kweli. Angemtembelea mara nne. Simu yake isingezuiwa, aulize AI chochote anachotaka, lakini jibu alibebe mpaka zizini aone kama linamfaa ng'ombe aliyesimama pale. Na mwisho, hiki ndicho kilichokuwa kiini cha kozi, mkulima angeketi mbele ya mwanafunzi, Kigen akiwapo, amwulize maswali mwenyewe, kisha aseme kama angemkaribisha tena. Mashini haiwezi kukuketia kwenye kile kiti. Wariara aliipenda kozi ile kuliko zote alizowahi kushika.

Halafu ikafika kwa Profesa Muturi.

Muturi ndiye mwenyekiti wa bodi ya mitihani, na kila kozi lazima ipite kwake. Aliisoma amesimama. "Mtu hajamaliza darasa la sita amtahini mwanafunzi wa digrii? Haiwezekani. Ondoeni hicho kikao. Wekeni sahihi na muhuri wa mkulima, huo ndio ushahidi." Ilikuwa siku ya mwisho ya kupitisha kozi. Wariara alikuwa amechoka hadi mifupani, ana kozi nyingine tisa kwenye foleni. Akakifuta kikao cha mkulima, akaandika ule mstari. Alijiambia ni mstari mmoja tu, nani ataujali.

Watu waliujali. Nani katika nchi hii ataona neno muhuri kwenye karatasi asiutafute? Vijana walienda kwa mafundi wa mihuri wa mtaa wa Rhonda pale mjini, wanaochonga huku unasubiri, wakawachongea wakulima mihuri ambayo wakulima wenyewe hawakuomba.

Sasa fomu ile moja. Ilikuwa ya msichana anayeitwa Zeddy. Haikuwa na muhuri. Ilikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, imekwaruzika kidogo ukingoni, na jina la mkulima limeandikwa kando: Wamaitha. Kwenye nafasi ya matokeo wale wengine wote walikuwa wameandika kwamba maziwa yameongezeka. Wote! Hata aliyepewa ng'ombe mwenye kidonda cha kwato, maziwa yameongezeka. Zeddy alikuwa ameandika hivi: "Ng'ombe alikufa. Ushauri wangu ulichangia kumuua. Nilirudi mara tatu zaidi."

Wariara alisoma mistari ile mara mbili. Alitaka kucheka na kulia pamoja, kwa sababu hicho ndicho hasa Kigen alichokuwa amekiomba, na ndicho bodi ilikuwa imeagiza kipewe sifuri. Barua ya Muturi ilikuwa pale pale: fomu isiyo na muhuri haijakamilika, mwanafunzi apewe sifuri. Ukipata sifuri kwenye kozi ile hufuzu. Orodha ya mahafali ingefungwa Alhamisi saa kumi na moja jioni, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Akampigia Muturi. Muturi akacheka.

"Madam, mbona unajipa presha? Mwambie huyo msichana achonge muhuri kama wenzake. Yaishe."

Na hapa naona haya kusimulia, lakini yalitokea. Wariara alimwita Zeddy ofisini, akafunga mlango, akamwambia vile vile. Achonge muhuri. Yaishe.

Zeddy alikuwa msichana mwembamba, ana sauti ya chini, na viatu vyake vilikuwa bado na vumbi jeupe la kule Ndabibi. Alimtazama Wariara kana kwamba amepigwa kofi kanisani.

"Madam, ni wewe ulikuja kwa class yetu ukasema hii kozi haina uwongo."

"Najua nilichosema."

"Ukasema AI inaweza kutuandikia kila kitu isipokuwa kile tumeona na macho. Mimi nikaamini. Wengine hawakuenda hata mara moja. Walikaa hosteli, wakaambia AI iwaandikie visit nne, wakachonga stamp. Mimi nimeenda mara saba. Sasa mimi ndio nichonge?"

"Zeddy, mamako ameshaalika watu?"

"Ameshaalika jumuiya yote ya kanisa. Ameshaitisha hema." Macho yalimlengalenga lakini hakulia. "Na hiyo kazi ya chama cha maziwa inaanza Januari, wanataka cheti. Lakini yule shosho mkulima aliweka kidole yake, Madam. Nikichonga stamp, nitakuwa nimefuta kidole yake."

Wariara alimwambia aende, aache simu wazi. Mlango ulipofungwa alijitukana kwa Kikuyu, matusi ambayo mamake mzazi angemwoshea mdomo kwa sabuni. Kisha akaenda kumtafuta Kigen.

Jumatano walipanda pikapu ya Kigen wakaenda Ndabibi. Wariara alijiambia anakwenda kuhakikisha. Ukweli ni kwamba alikuwa anakimbia ile ofisi.

Wamaitha alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini na sita, amejifunga leso kiunoni, anakatakata mabua ya mahindi kwa panga. Zizi lilikuwa na nafasi ya ng'ombe wawili na alibaki mmoja. Aliwapa viti, akawapa chai, akaendelea kukatakata.

"Mnatoka yunivasiti? Mmekuja juu ya Wanyaga?"

Wanyaga ndiye yule ng'ombe aliyekufa. Maziwa yalikuwa yamepungua wakati wa kiangazi. Zeddy aliuliza AI, ikamwambia mabua makavu yanaweza kunyunyiziwa yurea, ile mbolea ya shambani, kwa kipimo fulani cha maji, ili ng'ombe apate nguvu. Kipimo kilikuwa sawa. Zeddy alikipima mwenyewe kwa mizani ya duka. Lakini mashini haikuuliza Wanyaga anakula nini kingine, na Zeddy hakuuliza pia. Na Wamaitha alikuwa akimchanganyia mbolea ya kuku kwenye chakula kila jioni, kwa sababu jirani anafuga kuku wa mayai na humpa magunia. Hakusema, maana watu wa kaunti waliwahi kumgombeza kwa hiyo mbolea, akaona haya. Vile viwili, ambavyo vikizidi hugeuka sumu ile ile, vikakutana tumboni mwa ng'ombe. Asubuhi moja Wanyaga akaanza kutetemeka, povu likatoka, akaanguka. Kabla daktari wa mifugo hajafika alikuwa ameshakata roho.

"Daktari wa ng'ombe alisema ni kazi ya Mungu," Wamaitha alisema. "Mimi nikakubali, nifanye nini? Siku ya tatu yule mtoto akarudi. Akakaa hapo umeketi. Akaniambia, shosho, si Mungu, ni mimi. Nilipeana dawa na sikuuliza anakula nini."

Kigen aliweka kikombe chini. "Pole sana, mama. Huyo ni mwanafunzi wangu. Makosa ni yetu."

"Usimlaumu!" Wamaitha aliinua panga, si kwa ubaya, alikuwa tu amelishika. "Nilimfokea mimi mwenyewe, nikamfukuza, akarudi tena. Akaniandikia kwa karatasi vitu havikai pamoja, akaenda kwa jirani zangu wote kuwaambia. Wawili walikuwa wanataka kuweka hiyo yurea, na wote wanalisha ya kuku. Ng'ombe zao ziko hai. Sasa mnaniuliza nini? Si niliweka kidole?"

"Uliweka, mama," Wariara alisema. "Shida ni kwamba bodi yetu inataka muhuri."

Wamaitha aliacha kukatakata. "Muhuri ni ya chifu," alisema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Mimi niko na kidole. Ama kidole ya mtu wa Ndabibi haifiki Nakuru?"

Waliondoka saa nane. Njiani Kigen alikuwa amekaza mikono kwenye usukani. "Kuna kanuni," alisema. "Bodi inaweza kukubali ushahidi mwingine kama fomu yenyewe ina kasoro. Nimeisoma jana. Lakini lazima aliyeitengeneza akiri mbele ya bodi, na jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu."

"Na nani atakiri?"

Kigen alitazama barabara tu, na Wariara akamkasirikia kwa kule kutazama barabara. Mkataba wa Wariara ulikuwa unaisha Januari. Wa kuutia sahihi alikuwa Muturi, na Muturi hakuwa mtu wa kumweka kazini aliyekiri kosa kwenye kumbukumbu. Naye Wariara ana watoto wawili shuleni na mama mgonjwa kule Ol Kalou. Mpaka wanafika Naivasha alikuwa ameshapata njia nyingine, njia ambayo haikuhitaji yeye kukiri chochote. Atawaumbua wale wengine. Mihuri ikishaonekana ni ya uwongo, nani atathubutu kumnyima Zeddy kwa kukosa muhuri? Alilala vizuri usiku ule, amejipongeza.

Alhamisi saa nne asubuhi bodi iliketi. Watu saba kuzunguka meza, chai ya maziwa kwenye thamosi, mandazi kwenye sahani. Wariara hana kura pale, huitwa tu kueleza. Muturi alipitia kozi nyingine haraka haraka, akafika kwa ugani.

"Wanafunzi thelathini na wawili. Thelathini na mmoja wamefaulu vizuri sana, hongera Daktari. Mmoja hana muhuri. Weka sifuri tusonge mbele."

Kigen alikuwa ameshika kalamu, hajaandika kitu.

"Prof, naomba dakika moja," Wariara alisema. Alichukua fomu ya juu kabisa, akaweka simu mezani, akawasha spika, akapiga namba ya mkulima iliyoandikwa pale. Simu ililia mara mbili.

"Niaje," sauti ya kijana ikasema, na muziki nyuma yake unapiga vibaya sana.

"Habari yako. Naongea na mzee Kihara, mkulima wa Ndabibi?"

Muziki ukazimwa. Kisha sauti ikarudi imekuwa nzito ghafla, imezeeka miaka hamsini. "Ehe. Ndio mimi Kihara."

"Mzee, napiga kutoka chuoni. Yule mwanafunzi wetu alikusaidia?"

"Alinisaidia sana. Maziwa imeongezeka."

"Unakamua mara ngapi kwa siku, mzee?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea... kama kuna wateja."

Mtu mmoja pale mezani alipaliwa na chai. Wariara hakucheka. "Na ng'ombe wako alizaa lini mara ya mwisho?"

"Ah, hapana, yangu hajawahi kuzaa. Yangu ni dume."

Bodi nzima ilivunjika mbavu. Dume linalokamuliwa! Hata Muturi alitabasamu, kisha akajikumbuka, akanyoosha mkono akakata simu mwenyewe.

"Haya, tumecheka," alisema. "Hiyo haiingii kwenye kumbukumbu. Sasa Madam, unataka nini? Tuwaangushe wote? Wiki moja kabla ya mahafali? Unaona sasa ni kwa nini nilikataa hizi kozi zenu za kwenda mashambani. Zimezaa uwongo mtupu. Mwaka ujao Daktari Kigen arudi kwa insha, ndani ya ukumbi, tumalize hii michezo. Na huyu mmoja apewe sifuri, kwa sababu kanuni ni kanuni."

Wariara alikuja na panga la kumkata Muturi, na alikuwa amemkabidhi mpini kwa mkono wake mwenyewe. Zeddy bado ana sifuri, na sasa kozi nayo inakufa.

"Ile insha yangu ilizaa uwongo mwingi zaidi, Prof," Kigen alisema. "Ila huo ulikuwa na vichwa vidogo vizuri."

"Daktari, andika."

"Kabla hajaandika, mwulizeni mkulima wa Zeddy," Wariara alisema. Akapiga. Wamaitha alipokea kabla haijalia mara ya pili. Alikuwa ameiweka simu juu ya ndoo tangu asubuhi. Wariara akamweleza yuko mbele ya nani.

Muturi aliinamia simu. "Mama, kwa nini hukuweka muhuri kwenye fomu?"

"Sina muhuri, mwanangu. Niliweka kidole."

"Na ni kweli ng'ombe alikufa kwa ushauri wa huyu mwanafunzi?"

"Ni kweli alikufa. Yeye hakuuliza na mimi sikusema. Lakini yeye ndiye alirudi."

"Na wewe ungemkaribisha tena?"

"Atakuja Jumamosi. Nitampikia githeri." Sauti ilikatika kidogo kwa upepo, ikarudi. "Profesa, acha nami nikuulize. Huyu mtoto alikosa akaja akaniambia, ni mimi. Huko kwenu yunivasiti hakuna mtu hukosa? Ama mkikosa mnasema ni nani?"

Mtu mmoja alijitia kutafuta kijiko. Muturi alijiegemeza kwenye kiti, anangoja upuuzi upite. Na Wariara, ambaye kwa siku nne nzima alikuwa amewakasirikia wanafunzi, na Muturi, na Kigen na barabara yake, na mafundi wa Rhonda, alihisi hasira yote ile ikigeuka kichwa, ikamrudia mwenyewe. Msichana wa miaka ishirini na tatu alikuwa amekaa mbele ya mwenye ng'ombe mfu akayasema yale maneno mawili. Yeye alikuwa amempigia kijana wa hosteli simu ili asiyaseme.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?" Muturi aliuliza.

"Ni mimi niliyeiandika hiyo fomu. Nilijua mkulima hana muhuri. Nimezaliwa huko, nilijua kabisa! Ulipotaka nifute kikao cha mkulima nilifuta, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuogopa. Fomu ina kasoro na kasoro ni yangu. Kuna kanuni ya hilo, Daktari Kigen anaijua. Andikeni jina langu, mkubali neno la mkulima badala ya muhuri."

Katibu wa bodi aliinua kalamu, akamtazama Muturi.

"Madam Wariara," Muturi alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, "unajua mkataba wako unakuja kwa meza yangu mwezi wa kwanza?"

"Najua. Andika, katibu. Wariara ni W, A, R. Andika!" Alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini, na alikuwa anapiga kelele. "Na wale wasioenda waende! Waongee na ng'ombe wa kweli, wasiowahi orodha ya leo wangoje ya mwakani! Lakini msimguse aliyeenda!"

Katibu aliandika. Kanuni ni kanuni, hata kwa Muturi. Kigen aliivuta karatasi ya alama, akaandika sabini na mbili mbele ya jina la Zeddy, akatia sahihi yake taratibu, herufi kwa herufi. Kisha akazisukuma zile fomu nyingine kuelekea kwa Wariara. Saa tano na robo. Orodha ilikuwa inafungwa saa kumi na moja.

Wariara aliketi. Alichukua fomu iliyofuata, muhuri wake ulikuwa wa duara na umegongwa kwa uangalifu mno, umenyooka katikati ya mstari. Akapiga namba. Aliyepokea alikohoa kwanza, kikohozi kirefu cha mzee wa kweli, na ng'ombe alisikika akilia karibu.

"Mzee, habari. Napiga kutoka chuoni. Nina swali moja tu. Yule mwanafunzi wetu alikuja kwako?"

"Alikuja mara nne. Mtoto mzuri, ana heshima." Mzee alinyamaza kidogo. "Lakini mwalimu, mimi pia nina swali. Alisema nyinyi lazima mpate muhuri, nikamwambia basi acha mimi mwenyewe nichonge. Nilienda Naivasha nikapoteza siku nzima, ng'ombe akalala bila kukamuliwa. Sasa iko hapa kwa mfuko. Hii kitu ni ya kazi gani?"